Haki ya Kaisari Vareno

Zama zile Roma ilipozitawala pwani zote za Bahari ya Kati, aliishi akida mmoja mstaafu aitwaye Kaledio, aliyetunukiwa shamba la mizeituni karibu na mji wa Tifara, nchi ya Numidia. Alikuwa amelitumikia jeshi miaka ishirini na sita. Goti lake la kushoto halikukunjika tena, na alikuwa na uchovu usioondoka kwa usingizi.

Mwaka mmoja Kaisari Vareno aliuawa na walinzi wake mwenyewe, na jemadari wake Sestilio akavaa joho la zambarau la ukaisari. Haukupita mwezi, wajumbe wakatumwa kila jimbo kukusanya ushahidi, ili Baraza la Roma limhukumu marehemu. Akipatikana na hatia, sanamu zake zingevunjwa na jina lake kufutwa kwa patasi katika kila jiwe.

Mjumbe aliyefika Tifara aliitwa Fausto, mtu mpole aliyekohoa sana kwa vumbi la njiani. Alimwita Kaledio mbele ya wakuu wa mji, akamsomea ushahidi uliokwisha andikwa: kwamba katika vita vya mto Darao, Vareno alitupa ngao akakimbia, na Sestilio peke yake ndiye aliyeliokoa jeshi. Kaledio alitakiwa kutia muhuri tu.

Akida aliomba kigoda, akaketi, akasimulia aliyoyaona. Vareno alisimama mtoni tangu asubuhi hadi jua la utosi, maji kiunoni na mshale begani, wala hakurudi nyuma hatua moja. Lakini vita vilipokwisha alitangaza kwamba kikosi cha tatu kilikimbia, akaamuru ipigwe kura, na mmoja katika kila kumi auawe kwa marungu na wenzake. Kura ilimwangukia Marselo, mdogo wake Kaledio.

“Andika hilo,” alisema Kaledio. “Hilo nitalitilia muhuri.”

Fausto aliweka kalamu chini, akajibu kwa sauti ndogo kwamba hilo haliandikiki. Kaledio alijua sababu. Aliyeishika kofia ya chuma ambamo kura zile zilitolewa alikuwa Sestilio.

“Akida, unamtetea mtu aliyekuulia ndugu?” aliuliza Fausto.

“Simtetei. Nimemchukia miaka kumi na minne, na hata sasa namchukia. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakukimbia.”

Fausto alimweleza, bila ukali, kwamba maakida arobaini wamekwisha tia muhuri. Neno lake halitageuza hukumu, litampotezea shamba tu. Kaledio akasema anajua. Wakuu wa mji, waliokula zeituni zake kila mwaka, waliinamisha vichwa.

Alipewa siku tatu za kuondoka. Sabina, mkewe, alifunga vyombo bila kunung'unika, na mizigo ilipokuwa tayari juu ya punda ndipo aliponena.

“Ungetia muhuri, mume wangu. Marselo asingekulaumu.”

Kaledio alikaza kamba ya mzigo, akailegeza, akaikaza tena.

“Kikosi cha tatu hakikukimbia,” alisema mwisho. “Tuliitwa nyuma kwa tarumbeta. Wote walisikia, na siku ile hakuna aliyesema. Hata mimi sikusema. Nilipewa rungu, nikalipokea.”

Sabina hakuwa amelisikia jambo hilo katika miaka yote ya ndoa yao. Alishika hatamu ya punda, akatangulia. Walipanda milimani kwa wafuga mbuzi, na huko akida akafa baada ya masika mawili.

Baraza lilimhukumu Vareno kuwa mwoga. Sestilio alitawala miaka tisa, kisha naye akafutwa kwa patasi ileile. Waandishi waliofuata walibishana sana ni yupi kati ya wawili hao aliyekimbia Darao, na kila upande ulikuwa na mashahidi wake, wenye mihuri. Kikosi cha tatu hakuna aliyekiuliza.