Mimi Si Kigari cha Mbao

"Kila mtu ana kigari chake cha mbao!" Mwalimu alisema kwenye maikrofoni, ukumbi wa sinema umefurika. "Tajiri tuliyemwona kwenye filamu ana majumba na mashamba, lakini anakata roho akililia kigari cha utotoni alichokiacha kwa mama yake. Kigari ni alama ya upendo alioupoteza. Na mimi, kigari changu ni mchumba wangu, amekaa pale mbele. Hata huko ninakokwenda kufanya kazi miaka miwili, nitamkumbuka yeye tu."

Makofi yakapasua ukumbi.

Mchumba wake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima humwita Sindano, ndiyo kwanza asikie habari ya safari. Harusi yao ilikwishaahirishwa mara mbili kwa sababu ya kazi za bwana huyo. Akasimama, akaweka mtandio sawa, akatoka kichwa juu.

Simu ikaanza kuita kabla hajafika nyumbani. Hakupokea. Ukaja ujumbe:

"Mpenzi, nimekusifia mbele za watu, halafu umeninunia?"

Akajibu:

"Yule tajiri wa filamu hakuibiwa kigari. Alikiacha mwenyewe, akaja kukililia maji yamekwishamwagika. Mimi ni mtu mzima na roho yangu. Niolewe au niachwe. Chagua."

Asubuhi Mwalimu alitinga kwenye chumba cha kushonea, macho mekundu. Mama yake Sindano alikuwa anakata vitambaa. Akampima kwa macho, juu hadi chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kuhutubia au kuoa?"

"Mama, mwache aseme," Sindano alidakia, mguu haujaondoka kwenye pedali.

"Nimekosa. Kazi ile nimeihangaikia sana. Nilidhani utanisubiri."

"Hukuniuliza! Hilo ndilo linaloniuma. Nakupenda, tena sana, wala sioni haya kulisema. Ila kunipenda si kuniweka kabatini."

"Basi twende wote, wiki ijayo."

"Nina sare za shule nzima hapa. Nimeahidi, na mimi ahadi sivunji. Nikimaliza tunafunga ndoa, ndipo tusafiri. Safari hii kitakachoahirishwa ni kazi yako, si harusi."

Mama akajikoholesha kuficha kicheko.

Mwalimu akatoa simu, akampigia bosi wake mpya, akafungua spika.

"Bosi, samahani. Nitachelewa mwezi mzima. Naoa."

"Mwezi? Basi nafasi tunampa mwingine!"

Akamtazama Sindano. Cherehani ilikuwa inanguruma tu.

"Mpeni," Mwalimu alisema. "Kazi nitatafuta nyingine. Mke kama huyu simpati tena."

Upande wa pili ukakata simu. Cherehani nayo ikanyamaza. Sindano akainuka, akachukua futi ya kupimia, akamsogelea huku amejawa fahari hadi machoni.

"Vua hilo koti," alisema. "Nikupime suti ya harusi."