Mchoro wa Kitunguu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raheli alimng'oa mama yake kope. Mama yake, Zipora, alikuwa haoni tena. Ugonjwa wa vikope ulizikunja kope zake kwa ndani, zikamkwaruza macho miaka nenda miaka rudi. Raheli alizitoa moja moja kwa kibano ili mama apate nafuu. Kisha alijibanza nyuma ya nyumba, akajing'oa za kwake. Alikuwa na miaka kumi na minne tu, maskini, na hakumwambia mtu. Hapo kijijini Kibakwe binti mwenye macho mabovu alibakishwa nyumbani, naye aliipenda shule kupita kiasi.

Zilikuwa enzi za Waingereza, mwaka 1954. Siku moja Mwalimu Yotham alileta hadubini ya kuazima, moja kwa darasa zima.

"Tazameni seli, kisha mchore mlichokiona," alisema. "Kiini ndicho kinachoongoza kazi za seli. Zile chembe za kijani ndimo mmea unamopikia chakula chake kwa mwanga wa jua."

Loisi, rafiki yake Raheli, alitazama jani la mmea wa mtoni, akachora. Jani lilipokauka, mwalimu aliliondoa kimyakimya, akaweka utando wa kitunguu wenye tone la aidini, dawa ya kutia rangi. Aidini hushika protini za kiini, kikaonekana chenye rangi ya kahawia. Raheli akainama kutazama. Aliona ukungu mtupu. Kwa hofu alirudi kwenye dawati, akauinamia kwa karibu mchoro wa Loisi, akaunakili mstari kwa mstari.

Baada ya masomo mwalimu alimwita.

"Raheli, wewe ulitazama kitunguu. Kitunguu hukaa udongoni, gizani, hakina chembe za kijani. Hizi umezitoa wapi?"

Machozi yalimtangulia. "Nisamehe, Mwalimu. Sioni vizuri. Nimenakili kwa Loisi."

"Huoni vizuri tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

Mwalimu hakushika fimbo. Aliliangalia jicho lake la kulia, lililokwisha kuwa jeupe, akaumia moyoni.

Kesho yake alimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alizinyoosha kope kwa upasuaji, jicho la kushoto likapona. La kulia halikuokolewa; lilikuwa limechelewa miezi michache tu. Mwalimu alizungumza na baba yake Raheli, naye akakubali binti aendelee na shule.

Raheli aliporudi nyumbani, mama alimpapasa uso mpaka akaifikia bandeji. Akalia.

"Mwanangu, nami nilificha hivi hivi, nikiogopa sitaolewa. Kila siku umenihudumia macho, nami sikukuuliza hata mara moja kama yako yanauma. Mtoto akiumwa aseme mapema. Na sisi wakubwa tuulize, tusingoje kuambiwa."

Kisha akamwita kitinda mimba wake. "Sila, njoo. Macho yako yakoje?"

Sila akajisugua jicho. "Yanawasha, mama."

"Basi kesho tunakwenda hospitali," alisema mama.