Fimbo Iliyozidi Vidole Vinne

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne Kuu, Graciela, mjane wa Heriberto Quiñones, alishusha fimbo ya marehemu mumewe ukutani ili aifute vumbi. Kifuniko cha chuma kwenye ncha ya chini ya fimbo, ambayo kumbe ilikuwa na uwazi ndani, kikachomoka, na mkufu wa zumaridi ukamwagika sakafuni.

Hakuhitaji kuambiwa ni mkufu gani. Hakuna mtu mzima mjini Peñablanca asiyeujua. Ulikuwa wa sanamu ya Bikira wa Huzuni, na ulikuwa umepotea kanisani Jumatano Kuu moja alasiri, miaka ishirini na minane iliyopita. Mama wa watu akaufunika kwa kitambaa cha jikoni, asiuone, kisha akampigia simu Inspekta Eliécer Balcázar.

Inspekta alifika saa tatu kasoro dakika ishirini. Alichuchumaa, akahesabu mawe kumi na moja, akahesabu tena.

"Eliécer," Graciela alisema, "niambie ukweli. Nililala miaka ishirini na mitano na mwizi?"

"Sijui bado, shemeji."

Alisema hivyo akiwa amekodolea macho picha ya Heriberto ukutani. Wao wawili, pamoja na Leonel mwenye duka la dawa na Braulio mwenye tanuri la mikate, ndio waliobeba machela ya Bikira kila Juma Kuu tangu ujana wao. Eliécer na Heriberto walishika mbele, wale warefu wawili wakashika nyuma. Kila mbebaji ana fimbo yake, yenye chuma cha umbo la mwezi mchanga juu, ya kuegeshea machela maandamano yanaposimama. Fimbo hukatwa kwa kimo cha bega la mwenyewe. Akishika ya mwenzake, machela huenda upande na mji mzima humcheka.

Inspekta akauliza ni nani aliyeigusa fimbo ile tangu maziko, miezi miwili nyuma. Graciela akasema hakuna. Desturi ni desturi: fimbo ya aliyefariki hutundikwa jioni ya maziko, na haishushwi hadi Jumanne Kuu.

"Hata leo nisingeishusha mimi," akaongeza. "Braulio amenipigia simu mara tatu wiki hii. Alisema atakuja mwenyewe saa tatu kunishushia, nisijisumbue. Nikaona aibu kumkabidhi fimbo yenye utando wa buibui."

Saa tatu ilifika ikapita. Gari la polisi lilikuwa limeegeshwa mlangoni, na Braulio hakubisha hodi.

Eliécer alitoka akaleta fimbo yake mwenyewe, iliyokuwa garini kwa ajili ya mazoezi. Yeye na Heriberto walilingana kimo kiasi kwamba mama zao walikuwa wakiwakatia suruali kwa kipimo kimoja. Akazisimamisha fimbo mbili bega kwa bega. Ile ya ukutani ilizidi kwa vidole vinne.

"Hii si ya mumeo, shemeji. Ukiiweka begani kwa Heriberto ingemtoboa sikio."

Graciela akakaa kwenye kiti na kulia kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Leonel alikuwa akipima dawa ya kikohozi Inspekta alipoingia dukani saa nne kasoro robo. Aliposikia habari ya mkufu, akafunga mlango na kugeuza kibao. Ndiye aliyetundika fimbo jioni ya maziko, hakukana. Walikuwa wamebeba jeneza kwa fimbo zao kama kawaida, kisha wakaziegemeza zote kwenye ukuta wa Heriberto na kuanza kunywa. Yeye alilia, akanywa, akalia tena. Padri aliposema fimbo ya marehemu itundikwe, akachukua moja.

"Zote nyeusi, zote zina chuma, na macho yangu yalikuwa yamejaa maji," alisema. "Nilijua kesho yake mwenye fimbo atanitukana. Hakuna aliyenitukana."

"Yako iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya kabati la dawa. Eliécer akamwambia asimame wima, akamsogezea begani. Ilimkaa barabara. Leonel alipoelewa kwa nini alikuwa akipimwa, uso ukamwiva.

"Ulinishuku mimi?"

"Nawashuku wote. Najishuku hata mwenyewe. Ile Jumatano, kule kwa Fermín, nani aliondoka?"

Leonel akatazama mlango uliofungwa. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda chao. Ile Jumatano Kuu waliwekwa wanne kulinda mlango wa pekee uliokuwa wazi, tangu saa nane hadi saa kumi na moja, wakati mzee Abelardo Tunubalá, mtunza sakristia, akimvalisha Bikira ndani. Wote wanne waliapa mbele ya hakimu kwamba hawakubanduka na kwamba hakuna aliyeingia. Kwa hiyo mwizi hakuweza kuwa mwingine ila aliyekuwa ndani. Mzee alifungwa miaka minne.

Na hawakuwa mlangoni. Walikuwa nyuma ya machinjio, kwa Fermín, wakishangilia jogoo wanaopigana. Katika Juma Kuu, kosa hilo lingewavua nafasi zao kwenye machela mbele ya baba zao. Ulikuwa uongo mdogo wa vijana walioogopa aibu, ndivyo Eliécer alivyojiambia kwa miaka ishirini na minane, na hakuna siku hata moja aliyojiamini.

"Braulio aliondoka," Leonel alisema polepole. "Alikwenda kumchukua jogoo wake nyumbani. Jogoo alipangwa pambano la kwanza, akapigana la tatu, kwa sababu mwenyewe alichelewa. Tulimzomea." Nyumba ya kina Braulio ilikuwa nyuma ya kanisa. Leonel akashusha sauti. "Lakini Eliécer, fimbo imekutwa kwa Heriberto. Iache ikae huko. Yeye haumii tena."

Inspekta alitoka, na kilichomtia hofu ni kwamba wazo lile lilikuwa limemjia yeye kabla ya Leonel.

Braulio alikuwa peke yake kwenye tanuri, akipanga mikate ya jibini. Hakuuliza Inspekta amefuata nini. Fimbo ilikuwa imesimama pembeni mwa magunia ya unga.

"Isogeze begani," Eliécer alisema.

"Una kazi za kuchekesha siku hizi."

"Isogeze, kaka."

Chuma kiliishia vidole vinne chini ya bega. Braulio akairudisha pembeni, akapangusa mikono kwa aproni, akakaa juu ya gunia.

"Ya Heriberto," alisema. "Niligundua kesho yake. Yangu ilikuwa imeshatundikwa. Ningeishushaje kabla ya Jumanne Kuu? Mji mzima ungeuliza kwa nini. Nikahesabu siku kama mfungwa."

Inspekta akamwambia, mfungwa yupo, na anaitwa Abelardo. Hapo Braulio yakamtoka yote. Mzee alikuwa amemshitaki kwa padri kwamba anakuja mazoezini akinuka pombe, na padri alikuwa karibu kumpa nafasi yake mtu mwingine. Alipokwenda kumchukua jogoo, alimwona mzee amezunguka uani na sinia ya kahawa, anawatafuta walinzi wake. Kanisa tupu, mlango wazi.

"Nilitaka aaibike siku moja tu. Ningeurudisha asubuhi. Lakini jioni hakimu alikuja, na nyinyi mkaapa. Wewe ulikuwa wa kwanza kuapa, Eliécer. Baada ya hapo ningeurudisha vipi? Nikisema niliingia, nasema hatukuwepo. Nikawafunga wote, nanyi mkanifunga mimi." Macho yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi. "Kila mwaka nilimbebea Bikira mkufu wake ndani ya fimbo. Nilidhani hiyo inahesabika."

"Haihesabiki."

"Kesi imeshachacha, muda wake kisheria umepita, huwezi kunifunga. Anayeumia sasa ni wewe. Inspekta aliyeapa uongo! Hata kazi utaachishwa. Heriberto amekufa, ndugu yangu. Mwachie yeye, tukapumzike."

Eliécer alitazama mikate. Alijua kwamba angeweza. Neno moja, na Graciela angelia mwaka mmoja, na mzee angesafishwa nusu, na yeye angestaafu kwa heshima na kupigiwa bendi.

"Tulishamwachia mtu mmoja," alisema. "Vaa shati safi. Tunakwenda kwa hakimu."

Maelezo ya Braulio yalijaa ukurasa mmoja. Ya Eliécer yalijaa kurasa tatu. Alipomaliza alimkabidhi msaidizi wake bastola na kitambulisho, akapanda kwa miguu barabara ya juu, mahali ambapo Abelardo Tunubalá alikuwa akiishi kwa kuuza miche ya maua.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Rosalba, binti wa mzee. Alimtazama Inspekta kuanzia kichwani hadi miguuni, hakumwamkia, akarudi jikoni. Mzee alikuwa kwenye kiti kibarazani, blanketi magotini.

Eliécer hakukaa. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, na yote yakampotea.

"Mzee Abelardo, ile Jumatano hatukuwa mlangoni. Tulikwenda kwenye jogoo. Braulio alirudi akauchukua mkufu. Mimi nilijua hatukuwepo, nikaapa tulikuwepo. Wewe hukuiba kitu."

Vidole vya mzee vilichezea pindo la blanketi.

"Najua hamkuwepo," alisema. "Nilisema mahakamani. Wewe ulikaa benchi la mbele, ukawa unaangalia viatu vyako."

"Ndiyo, mzee."

"Nilipotoka, Rosalba alikuwa na miaka kumi. Shuleni walikuwa wakimwita binti wa mwizi. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia si kweli. Akaniambia, sawa baba." Mzee aligeuza uso kuelekea jikoni. "Sawa baba. Basi. Miaka yote hii ananipikia, ananifulia, na hajaniuliza tena."

Ndani vyombo vilikuwa vikigongana kwenye beseni.

"Hapo ulipo hakusikii," mzee alisema. "Nenda ukasimame mlango wa jikoni. Uyaseme tena, na useme kwa sauti."