Nguruwe wa Krismasi Aliyeganda

Kila asubuhi Stamenka, msichana wa miaka kumi na miwili, hulisha kuku na kubeba kuni kabla ya chai. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi aliacha vyote akakimbilia jiko la nje. Jana babu yake, mzee Svetozar, alimwagiza akoleze moto humo jioni ili nguruwe aliyechinjwa na kutundikwa humo asigande. Yeye akacheza kwenye theluji na wenzake hata akasahau! Sasa nguruwe alikuwa mgumu kama gogo. Aliwasha moto harakaharaka, na babu alipoingia, ngozi ilikuwa imelainika.

"Jana ulikoleza moto, mjukuu wangu?"

"Ndiyo, babu."

Wakampitisha nguruwe kwenye mti wa kuchomea. Babu alikinga upepo kwa mabati, akasogeza makaa mengi chini ya mapaja na mabega, machache chini ya tumbo. Stamenka akazungusha mti bila kupumzika. Kufikia saa saba mchana ngozi ilikuwa nyekundu, inang'aa.

"Mzee, huyo tayari!" jirani yao Miloje aliita kutoka ng'ambo ya ua. "Nikatie kidogo nionje."

"Koma, mlafi wee! Leo ni mkesha, tumefunga nyama. Utakula kesho na wenzio."

Wakacheka, lakini si Stamenka. Leo hakuna atakayeonja. Kesho kipande cha kwanza cha paja atapewa mdogo wake Vukan, mwenye miaka minne, na nyama mbichi ingemuumiza vibaya. Mikono ya Stamenka ikasimama.

"Zungusha, mama, ataungua!"

"Babu, nilikudanganya. Jana sikukoleza moto. Ndani ameganda."

Babu alimchoma nguruwe kisu pajani hadi mfupani, akakigusisha mkononi. Kilikuwa baridi. Stamenka akaangua kilio.

"Haya, futa kamasi ulete kuni," babu alisema.

Wakainua mti juu zaidi, wakapunguza makaa, wakazungusha taratibu kwa saa nne nyingine. Miloje naye alishika zamu, akilalamika kwamba anafanyishwa kazi bila hata kulamba kidole. Mwishowe kisu kilitoka cha moto, na maji ya nyama yalikuwa meupe, bila damu.

Babu alimkumbatia mjukuu wake. "Kusahau si neno, hata mimi nasahau miwani yangu kila siku. Ila ule uongo ungemlaza Vukan kitandani. Umesema ukweli tukiwa bado na makaa, ndiyo maana tumeweza kurekebisha. Ukikosea tena, njoo uniambie mapema, hata kama unaniogopa."

"Sikuogopi, babu."

"Basi vyombo vyote vya kesho utaosha wewe."