Masharti Yanayosomeka

Asubuhi ile ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulifurika watu, na nesi mmoja mrefu, shati la buluu limemkaa utadhani alizaliwa nalo, alikuwa akiigombeza kompyuta.

"Mama huyu anatoka damu, mashine imempa namba ya sabini! Nani katunga upuuzi huu?"

"Si mimi," alijibu msichana wa gauni la manjano. "Mimi nimetumwa kuutengeneza. Mwingize mgonjwa kwanza, ugomvi utanikuta hapahapa."

Ulimkuta. Baada ya wiki mbili ugomvi ulishageuka simu za kila mchana.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nakula masharti ya programu. Hebu sikia: 'Kama si kweli kwamba mgonjwa hana miadi, au si kweli kwamba hayuko salama...' Umeelewa?"

"Hata nusu!"

"Basi hayo ndiyo yanayopanga foleni yenu, mpenzi."

Kisha tangazo likabandikwa ukutani: programu imekaguliwa, haina kasoro. Chini yake, jina la Fundi. Nesi akaacha kupokea simu zake.

Kumbe bosi wa Fundi ndiye aliyeliweka jina lile, bila kumuuliza mwenyewe. Fundi hakulia. Alifumua masharti yote, akayaandika upya, kila moja na mstari wake: Kama anatoka damu, aonwe kwanza. Kama anapumua kwa shida, aonwe kwanza.

"Programu ya zamani inafanya kazi," bosi alifoka. "Ukiigusa, huna ajira."

"Basi sina."

Akachapisha kurasa zake, akazimwaga mezani kwa matroni, manesi wote wakitazama. "Lile jina ukutani aliliweka bosi, si mimi. Someni wenyewe. Mstari msioelewa, naufuta."

Nesi mrefu alisoma mara mbili, kidole kikitambaa juu ya karatasi. "Mtoto mchanga mwenye homa hayumo."

"Nimweke wapi?"

"Juu kabisa."

Akamwandika. Matroni akavua miwani. "Hii ndiyo tutakayotumia. Na wewe binti, kuanzia leo utafanya kazi kwangu. Bosi wako niachie mimi."

Nesi mrefu alimkimbilia Fundi kwenye korido. "Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe."

"Siku kumi na moja hukupokea simu!"

"Sirudii. Nataka nikuoe."

"Hapa? Unanuka dawa hivyo?"

"Hapahapa."

Fundi alijaribu kununa, midomo ikamsaliti. "Nimekubali. Ila kamwambie mama yako mapema: mkwe anayekuja hanyamazishwi."