Nyuzi Mbili Jukwaani

"Achia, dada. Nimekishika mimi kwanza."

"Wewe umekishika ncha, kaka. Mimi nimekikumbatia."

Soko la Divisoria lilikuwa linachemka kwa watu Jumamosi ile, nao wawili hao hawakumwona mtu. Crisanto Baluyot, kijana mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikitaka kitambaa kile chepesi cha jusi kwa shati la sherehe, barong. Hiyas Dumlao, mweusi wa macho na mwepesi wa ulimi, alikitaka kwa vazi la mikono iliyosimama kama mabawa ya kipepeo. Kilikuwa kipande cha mwisho.

"Mnanifukuzia wateja!" alifoka muuzaji, Mama Pacing. "Cha nini hasa?"

"Cha malumbano ya mashairi ya walimu wa bayolojia," walijibu kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Mama Pacing akachukua mkasi, akakikata katikati.

"Shule yenu inatetea nini?" Hiyas aliuliza akikunja nusu yake.

"RNA. Na nyinyi?"

"DNA. Pole mapema, kaka."

"Pole ya nini? Wewe ni kitabu kilichofungiwa kabatini. Mimi ndiye ninayenakili ukurasa na kuupeleka kwa mafundi."

"Tarishi, basi. Nani amewahi kumwogopa tarishi?"

Hiyas alicheka, na kicheko kile kilimfuata Crisanto mpaka nyumbani. Walikutana tena kwa glasi ya kinywaji cha sago, wakakutana tena kwa ndizi za kukaanga zenye sukari iliyoungua, na Julai ilipokwisha kila mmoja alikuwa amejua namba ya mwenzake kwa moyo.

"Umelala, malkia?" Crisanto alipiga simu usiku mmoja.

"Nitalala vipi na tarishi anagonga?"

"Nimepata jibu la kukuzika, laazizi. Ukidai hakuna uhai bila wewe, nitakutajia virusi vinavyobeba RNA peke yake, DNA havina hata chembe, na bado vinaangusha majitu."

"Unanipa silaha zako kwenye simu? Mjinga mtamu wewe."

Siku ikafika. Mvua ya Agosti ilipiga bati la ukumbi, ndani walimu na wanafunzi wamejaa mpaka madirishani. Mwamuzi, Mwalimu Erlinda, alikaa na kengele yake: ikilia kabla hujajibu, umeshindwa raundi. Raundi zilikuwa mbili, na ya pili ndiyo iliyotoa nishani.

Katika raundi ya kwanza Hiyas aliimba kwamba pasipo DNA hakuna kiumbe duniani. Ukumbi ukamgeukia Crisanto. Naye akainamisha kichwa, akatabasamu, akanyamaza. Kengele ikalia.

Wakati wa chakula simu yake ikaita kabla hajaonja wali.

"Uko wapi?"

"Nyuma ya jukwaa. Hongera, kipen..."

"Usiniite kipenzi! Jibu la virusi limekwenda wapi?"

"Limenitoka tu."

"Limekutoka? Wewe unayekariri beti ukipiga mswaki? Umeniachia, Crisanto."

"Nilitaka ufurahi."

"Walimu wenzangu wanasema nimechaguliwa kwa sura. Asubuhi nzima wananong'ona. Na wewe umewapa ushahidi!" Sauti yake ikawa kali. "Sikiliza. Nipige kwa nguvu zako zote. Ukininyamazia tena kwa huruma, futa namba yangu."

Simu ikakatwa. Crisanto alibaki na sahani mkononi, aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alikuwa amedhani ushindi ni zawadi, kama ua, unamchumia mtu unampa.

Raundi ya pili aliingia kama moto wa nyika:

*Malkia wa chumbani, hutembei na husemi,*
*Neno lako la moyoni, mpelekaji ni mimi,*
*Nyama na damu mwilini, hutii huu ulimi,*
*U nani wewe, u nani, pasi na kuwapo mimi?*

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti. "Amekwisha dada wa watu!" mmoja alipaza sauti, na katika safu ya walimu wa shule ya Hiyas wawili wakapeana viwiko.

Hiyas hakuwatazama. Mwalimu Erlinda alinyanyua kengele. Hiyas akakunjua mabawa ya mikono yake, akasogea hatua moja mbele:

*Mjumbe huna wa pili, uzi wako ni mmoja,*
*Ukijeruhiwa mwili, hakuna anayekuja,*
*Mimi nyuzi zangu mbili, zashikana kwa pamoja,*
*Ukikatwa wa awali, wa pili ndio faraja!*

Paa likataka kung'oka. Crisanto alifungua kinywa. Alitafuta virusi, alitafuta mafundi, alitafuta asili ya uhai. Kila hoja aliyoinua iliangukia jeraha lile lile lisilo na mwenza wa kulirekebisha. Jasho lilimtiririka, akapiga goti lake kwa ngumi. Kengele ikalia. Safari hii hakutabasamu.

Hiyas alimwona, akajua hakuachiwa. Hata wale wawili wa viwiko walikuwa wamesimama wakipiga makofi.

Nishani ilipokwisha kuning'inia shingoni mwa Hiyas, Crisanto alimfuata mbele ya watu wote.

"Hiyas, umenipiga."

"Kwa haki?"

"Kwa haki, na inauma mpaka mifupani. Uzi mmoja nimechoka nao. Nioe... yaani, nikuoe. Yaani, tuoane."

Hiyas aliweka mikono kiunoni.

"Mshairi mzima unanichumbia kwa nathari?"

"Beti zote umezimaliza wewe."

"Basi njoo," alisema, akamvuta kwa ukosi wa barong, "mradi hutaniachia tena kushinda bure hata siku moja."

"Hata kwenye karata?"

"Hasa kwenye karata."