Mchele Ndani ya Boksi la Mwisho

Saa nane na robo mchana, Jumapili, Alban alikata nailoni ya boksi la mwisho kwa kisu cha mkate, akainua kifuniko, akabaki ameinamia boksi. Wenzake walidhani anaigiza, maana Alban na maigizo ni chanda na pete.

"Toa basi, bwana," alisema Nazarali. "Tusije tukazeekea hapa."

"Umechelewa, bhai. Tumeshazeeka," alisema Luiza.

Alban aligeuza boksi juu chini. Badala ya kadi, zikaanguka mezani pakiti za gazeti zilizokunjwa vizuri, bila gundi wala uzi. Luiza akafungua moja.

Mchele.

Kwa miaka kadhaa watu hawa watano walikutana kwenye fleti ya Alban, ghorofa ya kumi na nne, pale makutano ya barabara za Jane na Finch, kule ughaibuni, kufungua kadi za besiboli za miaka ya sabini, picha za wachezaji zilizouzwa ndani ya pakiti pamoja na chingamu. Alban, karani mstaafu, Mgoa wa Nairobi, alinunua maboksi yote ya duka moja lililokuwa likifungwa. Kila walipokutana, kila mtu alifungua pakiti yake kwa zamu. Wakacheka masharubu ya wachezaji, wakagombania chingamu iliyogeuka unga wa rangi ya waridi. Besiboli yenyewe hawakuijua sana. Walijua kuketi pamoja. Sasa Alban anahamia Calgary kwa binti yake Reena, na boksi hili lilikuwa la kuagana.

"Ulifunga nailoni hii mwenyewe?" Luiza aliuliza.

"Mwenyewe, nailoni ya jikoni. Kabla sijalazwa kwa ajili ya goti."

"Na ulipolazwa, ufunguo alikuwa nao nani?"

Kwa zamu, walikuwa nao watatu, wakija kumwagilia maua. Nazarali, mfanyabiashara mjane kutoka Moshi. Neville, mpwa wa Alban. Na Candide, mtunza jengo, kijana wa Bukavu ambaye siku moja alikuja kurekebisha bomba akaambiwa akae, akakaa moja kwa moja.

Neville hakupoteza muda. Alizungumza Kiingereza, kama kawaida yake: Candide ndiye aliyekuwa akiuliza bei ya boksi, na Candide ndiye aliyenunua gari mwezi uliopita.

"Mchele, ati mimi!" alisema Candide. "Mimi ni mtu wa fufu, ugali wa kwetu. Hapa walaji wa wali ni nyinyi."

Hakuna aliyecheka. Neville akasema atapeleka habari ofisi ya jengo. Kila mtu alijua maana yake: mtunza jengo anayeshukiwa wizi haachiwi funguo za watu, na bila funguo hana kazi.

"Nipe mpaka Jumapili," Luiza alimwambia Neville. Luiza alistaafu kazi ya kupokea simu hospitalini. Kwa kuuliza maswali hajastaafu bado. Alitia pakiti moja ya mchele mkobani. Mkunjo ule aliujua, ila hakukumbuka aliuona wapi.

Jumanne alimkuta Candide kwenye chumba cha mashine, chini kabisa ya jengo.

"Maman Luiza, sikukamata kitu. Gari ni la mkopo. Bei niliuliza kwa sababu nilitaka kumnunulia Mzee Alban boksi lingine, la kwenda nalo Calgary."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtu akishakuita mwizi, kila unachosema kinakuwa cha mwizi."

Jumatano ikawa zamu ya Neville, kwa simu. Alikiri kwamba aliwahi kumshauri Alban aliuze boksi bila kufunguliwa.

"Sasa wewe si ndiye mwenye tamaa?"

"Anti, ningeziiba kadi ningeziuza. Nimetafuta mtandaoni kila siku. Hazijauzwa popote."

Hilo likamkaa Luiza kichwani. Mwizi asiyeuza anataka nini?

Alhamisi alipanda mabasi mawili hadi kwa Nazarali. Nyumba kubwa, theluji mlangoni haina nyayo. Televisheni ilikuwa ikipiga kelele sebuleni na haitazamwi na mtu. Mezani kulikuwa na viti vinane, saba bado vimevaa nailoni ya dukani.

"Karibu, karibu! Chai? Kaa, usiharakishe." Hata kabla maji hayajachemka, Nazarali akauliza, "Jumapili tunakutana tena, siyo? Wote?"

"Huniulizi kama nimempata mwizi?"

"Ee, hilo nalo. Umempata?"

"Bado."

"Basi lazima tukutane," alisema, na uso wake ukang'aa.

Jumapili, saa nane, Luiza alifika na karanga za kukaanga, akazimwaga kwenye sinia. Wakala. Candide alikaa karibu na mlango, hakuvua koti.

"Zilizobaki mbebe," alisema Luiza. "Mifuko nimesahau. Magazeti hayo hapo, kila mtu ajifungie."

Candide alisokota gazeti lake kama mshumaa. Neville alilifinyanga likawa mpira. Alban alianza kutafuta uzi. Nazarali alikuwa akisimulia harusi moja ya Mombasa ambapo bwana harusi alisinzia, wala hakuitazama mikono yake. Mikono ilivunja pembe, ikachomeka ncha, ikagonga pakiti mezani mara moja ili mzigo ukae.

Luiza akaweka kando yake ile pakiti ya mchele. Zilifanana kama pacha.

"Nazarali bhai. Mama alikuwa akinituma dukani, sukari robo kilo. Mwenye duka alifunga hivi hivi. Moshi mlikuwa mkiuza nini?"

Nazarali aliitazama mikono yake kama watoto waliomchongea.

"Sukari," alisema. "Chai. Mchele."

"Kadi ziko wapi?"

"Kwangu. Sijafungua hata pakiti moja." Akazisukuma kando pakiti zote mbili. "Alban anakwenda zake. Wewe una watu wako wa kanisa. Mimi nani atanipigia? Wanangu nikiwaambia njooni, wananijibu kwa Kiingereza wana shughuli. Nikasema, wakishatawanyika nitawapigia: jamani, kadi zimepatikana, ziko kwangu. Mngekuja. Hata Alban angepanda ndege."

Alban alifunika macho kwa kiganja.

"Na mimi, tata?" Candide aliuliza; tata, yaani baba, ndivyo alivyomwita Nazarali siku zote. "Jumapili ile tulishuka pamoja kwenye lifti. Ghorofa kumi na nne. Ulitazama namba tu."

"Nilitaka kusema."

"Ulitaka."

Neville alisimama, akamwendea Candide. Akasema kwa Kiswahili kilichovunjika, "Kaka, samahani. Mimi nilikosa."

Neville akampeleka Nazarali kwake kwa gari, wakarudi na zile kadi. Walizifungua pakiti kwa zamu, kama siku zote, lakini masharubu hayakumchekesha mtu. Candide alipopewa yake hakuichana. Aliitia kiganjani mwa Nazarali.

"Hii ni yangu. Nitunzie. Siku moyo ukikubali, nitakuja kwako tuifungue."

"Lini?"

"Sijui, tata."

Nazarali aliibeba pakiti nyumbani kwa mikono miwili. Akaiweka mezani, mbele ya kiti cha pili. Kisha akainama, polepole kwa ajili ya mgongo, akakichania kiti kile nailoni yake.